Makumbusho ya Salar Jung, Hyderabad: kwa wenye siku za kusubiri mjini humo

Nanga ya Tanga (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Mwaka jana nilimsindikiza mama kwenda kutibiwa Hyderabad, India. Wengi wetu tunaujua mji ule kwa njia hiyo tu: uwanja wa ndege, hospitali, nyumba ya wageni, duka la dawa, kisha safari ya kurudi. Kati ya siku ya kuchukuliwa vipimo na siku ya kupewa majibu huwa kuna siku mbili tatu ambazo mgonjwa hana la kufanya na msindikizaji hana la kusema. Siku hizo ndizo zilizonipeleka katika makumbusho ya Salar Jung, mara tatu, na nimefungua uzi huu kwa ajili ya yeyote ambaye zamu yake ya kusubiri iko njiani.

Makumbusho yapo ukingoni mwa mto Musi, upande wa kusini, katika mtaa uitwao Darul Shifa. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: dar ni nyumba, na shifaa tunaiomba kila tunapougua. Mtaa ulipewa jina hilo kutokana na hospitali iliyojengwa hapo mwaka 1595 na Muhammad Quli Qutb Shah, sultani yuleyule aliyejenga Charminar, jengo maarufu la minara minne mjini humo, mwaka 1591. Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu. Jioni nilipomweleza mama maana ya jina la mtaa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kesho twende wote, huenda nayo ni tiba."

Kabla sijaeleza tulichokiona, ni vizuri msomaji amjue mwenye vitu. Salar Jung ni cheo walichokuwa nacho mawaziri wakuu watatu wa ukoo mmoja waliowatumikia watawala wa Hyderabad, yaani Nizam. Wa kwanza, Mir Turab Ali Khan, alikuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1853 hadi alipofariki mwaka 1883. Wa tatu, Mir Yousuf Ali Khan, ndiye aliyekusanya sehemu kubwa ya vitu hivi. Alizaliwa mwaka 1889, mwaka uleule ambao baba yake alifariki, akawa waziri mkuu mwaka 1912 akiwa kijana wa miaka 23, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1914 alikuwa ameshauacha wadhifa huo. Hakuoa. Miaka yote iliyobaki, hadi kifo chake mwaka 1949, aliitumia kununua vitabu, silaha, saa, vyombo vya udongo, picha, mazulia na sanamu kutoka kila pembe ya dunia. Wauzaji walijua kwamba nyumbani kwa bwana yule mlango haufungwi kwa mtu mwenye kitu kizuri mkononi.

Mwaka 1951 Jawaharlal Nehru aliyafungua makumbusho katika jumba la ukoo, Dewan Devdi. Mwaka 1961 Bunge la India liliyatangaza kwa sheria kuwa taasisi yenye umuhimu wa kitaifa, na mwaka 1968 vitu vikahamishiwa katika jengo la sasa. Hesabu inayotajwa ni vitu vya sanaa takriban 43,000, miswada 9,000 na vitabu vilivyochapwa 47,000, na vyumba vya maonyesho vinakaribia 40. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanaingia na nia ya kuyamaliza, wanapita mbio kutoka China hadi Ufaransa, na jioni wanakumbuka maumivu ya miguu tu. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilifanya hivyo, na usiku nilipojaribu kumsimulia mama nilichokiona, nilijikuta ninataja majina ya vyumba.

Siku ya pili tuliazimia kutazama vitu vitatu, basi.

Cha kwanza kilikuwa Rebeka. Ni sanamu ya marumaru nyeupe iliyochongwa na Mwitalia Giovanni Maria Benzoni, na Salar Jung wa kwanza aliinunua Roma mwaka 1876. Ni yule Rebeka wa kitabu cha Mwanzo, ambaye alipomwona Isaka akija kwa mbali alitwaa shela akajifunika. Mchongaji amemwonyesha akiwa ameshajifunika, na uso wake, pua, midomo na kope vinaonekana chini ya shela, ilhali shela na uso ni jiwe moja. Watu walikuwa wanakuja, wanastaajabu, wanaondoka. Mama alikaa pale.

Niseme kwamba mama ni fundi cherehani, na ameshona nguo kwa zaidi ya miaka 30. Aliitazama sanamu kuanzia kichwani, akashuka nayo polepole hadi miguuni, kisha akasema, "Kitambaa hiki kimelowa." Nikamuuliza amejuaje. Akanieleza kwamba shela kavu, hata liwe jepesi namna gani, husimama kidogo juu ya pua na kuacha uwazi pembeni mwa mashavu, lakini kitambaa kilicholowa hushika kila mahali kinapogusa na kukunjamana kwa mikunjo myembamba pale kinapoachia. Alinionyesha kwa kidole mahali panaposhika na mahali panapoachia. Mimi nilikuwa nimeshapita mbele ya sanamu ile jana yake, nikaona muujiza wa jiwe. Mama aliona kazi ya mtu aliyekaa akakisoma kitambaa kabla ya kushika patasi. Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba makumbusho hutembelewa vizuri zaidi na mtu mwenye ufundi mikononi mwake, hata uwe ufundi gani. Seremala aende kwenye samani, mpishi asimame mbele ya vyombo, mvuvi atafute mahali panapoonyeshwa vitu vya chuma na kamba.

Cha pili kilikuwa sanamu ya mbao yenye watu wawili, kazi ya Kifaransa ya karne ya 19. Ukiitazama kwa mbele ni Mefistofele, shetani wa hadithi ya Faust, amesimama kwa kiburi. Nyuma yake pamewekwa kioo kikubwa, na ndani ya kioo anaonekana Margareta, msichana aliyeinamisha uso, naye amechongwa mgongoni mwa shetani yule katika gogo lilelile. Mama hakuipenda. Alisema haifai mtu kumbebesha binti mzigo wa namna ile, na tukaondoka.

Cha tatu ni saa, ambayo kila mtu mjini atakuambia uende kuiona. Ilitoka kwa kampuni ya Cook and Kelvey ya Calcutta, kama ulivyoitwa mji ule wakati huo. Imewekwa uani, na mbele yake kuna safu za viti kama ukumbi wa michezo. Ndani yake mwanasesere mwenye umbo la mhunzi anagonga nyundo kila sekunde, na muda mfupi kabla ya saa kutimia mlango mdogo unafunguka, anatoka mwanasesere mwingine, anaifikia kengele, anaigonga kwa idadi ya saa, kisha anarejea ndani. Tulifika wakati wa adhuhuri na viti vyote vilikuwa vimejaa familia zenye watoto. Mlinzi mmoja alitamka neno "waqt", yaani wakati, na watu wakanyamaza. Mama, ambaye maishani mwake hajawahi kuhesabu saa kwa namna nyingine isipokuwa ya Kiswahili, alikuwa amekunja vidole akingojea kengele sita. Ya saba ilipolia alinigeukia kwa mshangao, na hadi ya kumi na mbili ilipotimia alikuwa anacheka hadi machozi. Zilikuwa wiki tatu tangu nimwone akicheka.

Waliofika huko, tafadhali ongezeni mnayoyajua.

Mjukuu wa Karani

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu, na ninamwombea mama afya njema. Nilisoma Chuo Kikuu cha Osmania kwa miaka minne, na nakiri kwamba miaka mitatu ya kwanza nilikuwa napita kwa basi mbele ya makumbusho yale bila kushuka.

Naongeza mambo machache. Kwanza, makumbusho hufungwa siku ya Ijumaa, na wengi wetu huzoea kuziweka shughuli za matembezi siku hiyo, kwa hiyo msije mkasafiri bure. Pili, tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji, nayo ni kawaida katika majengo ya kihistoria kote India. Tatu, kuhusu saa: adhuhuri ndiyo yenye kengele nyingi lakini pia ndiyo yenye msongamano. Mwenye mgonjwa amlete saa tano asubuhi. Kengele zitalia kumi na moja, na atapata kiti.

Ila nina jambo ambalo siwezi kukubaliana nawe kabisa. Umeandika kuhusu vitu vitatu na vyote vitatu ama vimetoka Ulaya ama vimefuata mtindo wa Ulaya. Wageni karibu wote huishia hapo, na nafikiri makumbusho yenyewe yanachangia kwa kuvipa nafasi ya mbele. Lakini hazina ya nyumba ile, kwa maoni yangu, ni maandishi. Humo kuna Kurani inayohesabiwa kuwa imeandikwa kwa mkono wa Yaqut al-Musta'simi, bingwa wa hati wa Baghdad wa karne ya 13, nayo ina alama za wafalme wa Kimughali, ukoo uliotawala sehemu kubwa ya India, walioimiliki mmoja baada ya mwingine: Jahangir, Shah Jahan na Aurangzeb. Fikiria kitabu kimoja kikipita mikononi mwa baba, mwana na mjukuu, kila mmoja akiacha alama yake pembeni mwa karatasi kama sisi tunavyoandika majina kwenye jalada la ndani.

Babu yangu alikuwa karani, na alinifundisha kutazama mwandiko kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nakubali ulichosema juu ya ufundi. Nilichokiona mimi mbele ya kurasa zile ni kwamba mwandishi hakuwa na haraka mahali popote: wino wa herufi ya mwisho wa mstari una uzito uleule wa herufi ya kwanza. Aliyewahi kuandika kwa kalamu ya mwanzi anajua kwamba wino hupungua unapokwenda, na kuuweka sawa hivyo kunahitaji mtu ajue ni wapi hasa pa kuchovya tena bila msomaji kugundua.

Pia yapo mawe ya jedi, yale ya kijani kibichi na meupe, ambayo Wamughali walichonga vipini vya majambia na vikombe vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kuna kisu cha matunda na jambia vinavyohusishwa na Jahangir na mkewe Nur Jahan. Vinapendeza kwa sababu ni vidogo. Vilikuwa vitu vya kushikwa mkononi kila siku.

Binti Kisauni

Assalaam alaikum nyote. Mimi ni wa Mombasa na nimefika Hyderabad mara moja tu, kwa harusi ya jamaa zetu wa Barkas. Kwa wasioujua, Barkas ni mtaa wa kusini mwa mji ambako askari wa Kiarabu wa Nizam walikaa, wengi wao asili yao Hadhramaut, na jina lenyewe ni neno la Kiingereza la kambi ya askari lililolainishwa na wenyeji. Sisi wenye asili ya Hadhramaut tulio Mombasa na Lamu tuna jamaa kule kama tulivyo na jamaa Mukalla. Chakula chao cha haleem ni ndugu wa bokoboko letu, na yeyote aliyekula vyote viwili hatabisha.

Nilikwenda makumbusho na mashangazi wawili wa bwana harusi. Nilichobaki nacho moyoni ni chumba cha pembe za ndovu, na ninashangaa hamjakitaja. Kuna samani, sanamu ndogondogo, vipande vya sataranji, na kazi za kutoboa ambazo ni nyembamba kama lasi. Nilisimama pale nikajiuliza: pembe hizi zilitoka wapi? Ndugu Nanga, wewe ni mtu wa Tanga. Hukujiuliza?

Nanga ya Tanga

Dada Binti Kisauni, waalaikumu salaam. Nilijiuliza, na ndiyo sababu ya kurudi mara ya tatu, peke yangu, mama alipokuwa amepumzika. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilitaka nilipange vizuri, lakini umeniuliza.

Sitadai kwamba kila kipande kilichomo katika chumba kile kilitoka kwetu. India ina ndovu wake na ina mafundi wa pembe tangu zamani sana. Lakini ndovu wa Asia hutoa pembe chache, maana majike hawana pembe ndefu, na hata madume wengine hawana kabisa, ilhali ndovu wa Afrika huwa nazo dume na jike. Mafundi wa India walizipenda pembe za Afrika Mashariki kwa sababu ni kubwa na ni laini kwa patasi. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe, na sehemu kubwa ya shehena ilipelekwa Bombay, nyingine ikaendelea hadi Ulaya na nyingine ikabaki India kwa mafundi na kwa bangili za maharusi wa Gujarat na Kutch. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Zanzibar ndio waliokopesha fedha za misafara. Pembe zenyewe zilitoka bara, kupitia Tabora na Ujiji, zikiwa mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo na bandari nyingine za pwani, ikiwamo Pangani iliyo jirani na kwetu.

Kwa hiyo nilisimama mbele ya kiti kimoja cha pembe, nikajaribu kukitazama kama mama alivyotazama shela. Mimi si fundi wa kuchonga. Kazi yangu ni uchukuzi, nimekaa na malori na mizigo maisha yangu yote, na nilichokiona mimi ni uzito. Pembe moja kubwa ya ndovu dume ni mzigo wa mtu mmoja mzima, kwa mwendo wa miezi. Niliangalia miguu ya kiti, mikono yake na mgongo wake, nikawa nahesabu mabega. Fundi aliyekichonga alistahili sifa zote anazopewa na wageni, na nilimpa. Lakini kwenye nafsi yangu niliwaona pia watu waliotembea, ambao wengine hawakurudi makwao, na wengine walikuwa watumwa.

Nilitamani sana kuwe na sentensi moja tu ukutani inayosema bahari ile ilivyovukwa. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, kwa hiyo viti kama vile havitachongwa tena, na hilo ni jema. Lakini vilivyokwisha kuchongwa vipo, na vinasema habari zetu kwa mtu mwenye kuzisikiliza.

Mjukuu wa Karani

Hilo la pembe sikuwahi kulifikiria kwa miaka minne niliyokaa kule, na nimelipokea.

Niongeze kidogo tu, kwa kuwa tumegusa Waafrika. Uko mtaa mwingine Hyderabad uitwao A.C. Guards, na herufi hizo ni kifupi cha kikosi cha wapanda farasi wa Kiafrika cha Nizam. Vizazi vyao, wanaoitwa Wasidi, wapo hadi leo, na ngoma yao ya marfa hupigwa kwenye harusi za mji mzima. Mtu akitoka kwenye chumba cha pembe akaingia kwenye chumba cha silaha, ajue kwamba kwa Nizam walikuwepo askari wenye asili ya bara letu.

Mkulima Halisi

Nimesoma kwa makini, na nina swali ambalo nauliza kwa heshima. Bwana huyu aliacha uwaziri akiwa kijana, akatumia miaka 35 kununua marumaru na saa. Fedha zilitoka wapi? Mnamsifu kwa jicho lake zuri, lakini nina wasiwasi kwamba tunasifu jasho la wakulima waliokuwa wanalipa kodi.

Nanga ya Tanga

Ndugu Mkulima, swali lako ni la haki na silikwepi. Ukoo wa Salar Jung ulikuwa na jagir, yaani ardhi na vijiji ambavyo mapato yake yalikwenda kwa mwenye cheo. Kila kitu katika nyumba ile kimepita kwanza shambani kwa mtu. Hilo ni kweli, na linafaa kusemwa mlangoni kabisa.

Kinachonifanya nisimalizie hapo ni kilichotokea baadaye. Alipofariki mwaka 1949 hakuacha mtoto. Vitu vile vingeweza kugawanywa kwa jamaa na kuuzwa kipande kimoja kimoja, kama zilivyotawanyika hazina za majumba mengi. Badala yake, jamaa waliridhia viwe mali ya umma, na sheria ya mwaka 1961 ikaviweka chini ya taifa. Siku ya pili, pale mbele ya saa, tulikaa na familia iliyoonekana wazi kuwa imetoka kijijini, babu amevaa kilemba na miguu yake ina nyufa za mtu wa shamba. Alimnyanyua mjukuu wake begani ili aone mlango mdogo ukifunguka. Kwangu mimi, mwenye mali alikuwa yeye.

Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia. Mwezi ujao nampeleka mume wangu huko kwa upasuaji. Je, mtu asiyeweza kutembea sana anaweza kuingia? Na je, mama yako anaendeleaje?

Nanga ya Tanga

Dada, pole sana, na Mungu amjalie mumeo. Anaweza, ila msiende siku ileile ya vipimo vya damu, kwa sababu atakuwa amechoka na hajala. Jengo lina sehemu tatu, ya India katikati, ya Mashariki upande mmoja na ya Magharibi upande mwingine, na kuzizunguka zote ni safari hata kwa mzima. Chagueni moja. Omba kiti cha magurudumu mlangoni kabla hamjaanza, msingoje hadi miguu ishindwe. Mizigo mikubwa iacheni mnakolala. Ukitoka, Charminar haiko mbali, lakini kwa mgonjwa chukueni bajaji.

Mama anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Amerudi kwenye cherehani. Mjukuu wake anaolewa baada ya mavuno, na amejitwisha kazi ya kumshonea shela linaloanguka kama lile la Rebeka. Vitambaa viwili ameshavikataa, anasema vinasimama juu ya pua. Sasa anatafuta hariri nyepesi, na kuna jambo moja linamsumbua: hakuukaribia upindo wa chini vya kutosha, na hakumbuki kama mchongaji ameuonyesha ukiwa umeshonwa au ameuacha wazi. Utakapofika, dada, naomba uutazame kwa ajili yake, kisha uniandikie hapa.